Nyoka wa hiari: kwa nini 'Nagina' haijazeeka Tarbaj

Sridevi aliaga dunia mjini Dubai mnamo Februari 2018. Amrish Puri alikuwa ametangulia mwaka wa 2005, naye Rishi Kapoor akafuata Aprili 2020. Waigizaji hao watatu ndio waliobeba Nagina, filamu ya Kihindi iliyoelekezwa na Harmesh Malhotra na kutolewa mwaka wa 1986. Wao hawapo tena, ila filamu ipo. Ukifika Tarbaj, kwenye barabara itokayo mjini Wajir kuelekea Kutulo, Elwak na hatimaye Mandera, utaikuta katika simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Na humo haizungumzi Kihindi. Inazungumza Kisomali.

Nilifundisha Kiswahili upande huo kwa muda, na jambo moja lilinishughulisha sana. Wanafunzi walioshindwa kunieleza dhamira mbili za riwaya waliyotahiniwa waliweza kuichambua Nagina kama mawakili. Nani ana haki? Nani alianza? Mama mkwe ana kosa gani? Hoja zilitolewa, zikapingwa, zikarudiwa. Swali langu leo ni hili: filamu ya nyoka ajigeuzaye mwanamke, yenye mbinu za picha ambazo siku hizi hata mtoto huzicheka, imewashikaje watu wa nchi kavu ya ngamia na visima kwa muda wote huu?

Kwa msomaji asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Rajiv, kijana wa tajiri, anarudi nyumbani baada ya kuishi ng'ambo kwa miaka mingi. Katika magofu ya jumba la zamani anakutana na Rajni, msichana wa ajabu, na wanapendana. Mama yake alikwisha kumtafutia mchumba mwingine, lakini kijana anakataa, anamwoa Rajni. Kisha anaingia Bhairon Nath, mganga wa nyoka, na kumnong'oneza mama: huyu mkaza mwanao si mtu. Hapo ndipo siri ya zamani inapofumuliwa. Rajiv alipokuwa mtoto aliumwa na nyoka akafa. Mganga huyohuyo alimfufua kwa kuutwaa uhai wa nyoka na kuutia katika mwili wa mtoto. Nyoka aliyepokonywa uhai alikuwa mume wa Rajni. Rajni alikuja kulipiza kisasi, akaishia kupenda.

Maelezo ya kawaida kuhusu mvuto wa filamu za Kihindi kwetu yanajulikana. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika Reel Pleasures (2018) kuhusu sinema za Tanzania, ameonyesha jinsi vijana wa Zanzibar wa miaka ya 1950 na 1960 walivyozitumia filamu hizo kufikiria mapenzi katika jamii ambamo wazazi ndio waliochagua mchumba. Brian Larkin, katika makala yake ya 1997 kuhusu Wahausa wa kaskazini mwa Nijeria, alidai kwamba filamu za Kihindi zinawapa watazamaji Waislamu njia ya kuwa watu wa kisasa bila kupitia Ulaya na Marekani. Zote ni hoja nzito na ninazikubali. Lakini zinaeleza filamu za Kihindi kwa jumla. Hazielezi kwa nini, miongoni mwa mamia ya filamu ambamo kijana anamkataa mchumba wa mama yake, ni hii ya nyoka inayobaki.

Nionavyo mimi, Nagina inadumu Tarbaj kwa sababu si kisa cha mapenzi dhidi ya wazee. Ni kisa cha damu isiyolipwa.

Hebu tuitazame upya kwa jicho la mtu aliyelelewa katika mila ya Kisomali. Mtu akiuawa, ukoo wa muuaji una deni. Deni hilo huitwa mag, na hesabu yake ya kimila ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. (Hiyo nusu ina mjadala wake, na wasichana wa darasani kwangu hawakuwahi kuiacha ipite kimya.) Mag isipolipwa, kinabaki kitu kinachoitwa godob. Kukitafsiri kwa Kiswahili si kazi nyepesi. Ni kinyongo, lakini kinyongo chetu hukaa moyoni mwa mtu mmoja. Godob hukaa kati ya koo mbili na hurithiwa kama mifugo.

Sasa rudi kwa Rajni. Mumewe ameuawa ili mtoto wa nyumba ya kitajiri apate kuishi. Katika nyumba ile hakuna anayejua jina la marehemu, wala anayehesabu kwamba kuna marehemu. Hakuna aliyelipa hata mbuzi. Mama anamshukuru mganga kwa kumrudishia mwana, basi, hadithi ikaishia hapo. Mtazamaji wa Tarbaj haikubali ikaishie hapo. Anaona deni, na anaona mwenye deni akila chakula cha mchana bila habari.

Mila hiyohiyo ina njia ya kulizima deni kwa ndoa. Huitwa godob-reeb, na pengine godob-tir, yaani kukifuta kinyongo: msichana wa ukoo wa muuaji huozwa kwa jamaa ya aliyeuawa ili damu mbili zichanganyike katika watoto na uadui ukose pa kusimama. Wazee wanaiona kuwa hekima. Msichana mwenyewe haulizwi. Nagina inaupindua mpango huo. Rajni hatoki upande wa wenye deni, yeye ndiye mfiwa, na anaingia kama mke katika nyumba inayoishi kwa uhai wa mumewe. Wala hakuna mzee aliyeketi chini ya mti kumtoa. Alijitoa.

Hapa ndipo Kihindi chenyewe kinapotupa ufunguo. Kiumbe wa namna ya Rajni huitwa ichchhadhari nagin. Nagin ni nyoka wa kike. Ichchha ni utashi, matakwa. Neno zima lina maana ya nyoka ashikaye umbo alipendalo. Watu wengi humwita tu jini nyoka, au nyoka-mtu, na maana kubwa hupotea. Mimi ningemwita nyoka wa hiari. Ajabu ya Rajni haiko katika magamba wala ulimi. Mwanamke mwenye haki kamili ya kuua amewekewa mbele yake njia mbili, na ameichagua moja mwenyewe, bila baraza na bila mahari.

Nilipolitoa neno hilo darasani, msichana mmoja wa kidato cha tatu alisema, "Mwalimu, sasa hiyo ndiyo inakuwa ngumu. Akipelekwa na wazee, akikasirika atalaumu wazee. Huyu akikasirika atalaumu nani?" Kijana nyuma yake akamjibu, "Si alijipeleka! Avumilie." Darasa likalipuka. Sikumbuki kama tulifika kwenye ngeli siku hiyo.

Swali la msichana yule ndilo tatizo la filamu, na Malhotra aliliona. Rajni amesamehe, lakini nyumba aliyoisamehe haijui kwamba imesamehewa. Kwa hiyo msamaha wake unafanana na udanganyifu. Mganga anaposema "huyu ni nyoka", hasemi uongo. Anasema nusu ya ukweli, ile nusu inayomfaa, kwa maana anachotafuta ni lile jiwe la thamani la nyoka litakalompa nguvu za kutawala. Mama anamsadiki. Waswahili husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama huyu alikwisha kumzika mwanawe moyoni mara moja kwa sababu ya nyoka. Sioni ubaya wake. Ndiyo maana watazamaji hawamchukii kama wanavyowachukia mama wakwe wa tamthilia nyingine. Lugha yetu pia ina msemo mwingine, mtoto wa nyoka ni nyoka, na msemo huo ndio sheria anayoitumia mganga kumshtaki Rajni. Filamu nzima ni rufaa dhidi ya msemo huo.

Katika koo za Kisomali mwanamke hapotezi ukoo wake kwa kuolewa. Anabaki na jina la baba yake na la babu yake, na kwa wakwe zake anabaki binti wa watu wengine. Wakati wa amani jambo hilo halisumbui. Wakati wa vita ni hatari, na pia ni nafasi. Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha juhudi za amani mjini humo mnamo 1993, koo zilipokuwa zikiuana. Nguvu ya wanawake wale kwa sehemu ilitokana na hili hasa: kila mmoja alikuwa na watu pande mbili. Mama wa namna hiyo akimtazama Rajni, ambaye watu wa mumewe wamewaua watu wake naye angali anawapikia, haoni njozi. Anaona jirani.

Nimelitaja neno njozi kwa makusudi. Siku hizi wengi tunaita filamu za aina hii "filamu za njozi", na sina raha nalo. Njozi ni ya mtu aliyelala. Ukisema Nagina ni njozi umekwisha kusema si kweli, na mazungumzo yamefungwa kabla hayajaanza. Kiswahili kina neno hekaya, ambalo haliulizi kama jambo lilitokea. Linauliza tu kama linasimulika. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert hakuona haya kumleta Huria, jini wa kike aliyeokolewa na Adili akiwa katika umbo jingine, akaja kumlinda mwokozi wake na kuwaadhibu ndugu wasaliti kwa kuwageuza manyani. Hakuna anayesoma kitabu kile akalalamika kwamba watu hawageuki manyani. Tunasoma tukijua kwamba hapo kuna deni la wema linalolipwa. Huria na Rajni ni watu wa kabila moja la kisanaa, tofauti ni kwamba mmoja analipa wema na mwingine ameamua kutolipiza ubaya. Hili la pili ni gumu zaidi, na kusema kweli sioni kama hekaya zetu zimelijaribu mara nyingi.

Hata Kisomali hakina ngano inayolingana nayo moja kwa moja. Wana Qori Ismaris, mwanamume anayejisugua kwa kijiti giza linapoingia akawa fisi, akarudi kuwa mtu kabla ya alfajiri. Wana Dhegdheer, mwanamke mwenye sikio refu anayekula watu. Mtoto wa Tarbaj amelala akiwasikia hao. Kwa hiyo kiumbe wa sura mbili anamjua vizuri, na anajua pia kazi yake: kutisha, kula, na mwishowe kuuawa. Kisha anakuja Sridevi, naye anaombwa ampende. Upya wa filamu uko hapo, katika kumgeuza aliyezoeleka kuwa mla watu akawa mwenye kudai haki.

Na tumtaje Sridevi mwenyewe, kwani bila yeye haya yote yangebaki kuwa muhtasari. Wakati wa kilele mganga na wafuasi wake wanapiga zumari ndani ya nyumba, na Rajni analazimika kucheza. Wajuzi wa nyoka watatuambia kwamba nyoka hana masikio ya nje, na kwamba anachofuata ni mwendo wa mpigaji zaidi ya wimbo. Sawa. Mwili wa Rajni unatii zumari, magoti, mabega, shingo, lakini macho hayatii. Macho yanamwahidi mganga kifo. Kwa dakika kadhaa unatazama mtu mmoja ambaye nusu yake imetekwa na nusu iko huru. Uigizaji wa namna hiyo hauhitaji mtafsiri.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa lugha tulipaswa kulipenda zaidi ya wengine. Sridevi alitoka kusini mwa India, na Kihindi hakikuwa lugha yake ya kwanza. Katika filamu zake za mwanzo za Kihindi maneno yalisemwa na wanawake wengine waliomtilia sauti. Mara ya kwanza aliyotumia sauti yake mwenyewe katika Kihindi ilikuwa Chandni ya mwaka wa 1989, miaka mitatu baada ya Nagina. Na ule wimbo wa zumari uliimbwa na Lata Mangeshkar. Kwa hiyo hata huko Mumbai, Rajni alikuwa mwili wa mmoja, maneno ya mwingine na wimbo wa mwingine tena. Msomali aliyemtia sauti ya Kisomali hakuharibu kitu kizima. Aliingia katika nafasi iliyokuwa wazi tangu mwanzo.

Sisemi filamu haina dosari. Njama ya yule Thakur mwenye binti aliyekataliwa inakula muda mrefu bila faida, na mapigano yake ni ya kupigwa hewani. Rajiv mwenyewe ni mwepesi mno. Kapoor anapendeza, anaimba, anashangaa, lakini filamu haimpi nafasi ya kukaa na habari kwamba yeye anapumua pumzi ya mume wa mkewe. Hilo ndilo pengo lake kubwa. Muendelezo wake, Nigahen (1989), uliomfanya Sridevi kuwa binti wa Rajni, haukuacha alama ya namna hii, na sababu haihitaji darubini: mle kuna jiwe la thamani na waganga wanaolitafuta, ila deni halipo. Ile Nagin ya 1976 nayo ilikuwa na deni tupu, nyoka wa kike anawafuata wauaji wa mwenzake mmoja baada ya mwingine. Inasisimua, kisha inakwisha. Nagina ndiyo pekee kati ya hizo iliyoweka deni na mapenzi katika kitanda kimoja.

Kinachoniuma ni upande wetu. Watoto wa Tarbaj walizungumza nami kuhusu Nagina kwa Kiswahili kizuri kuliko kile walichoniandikia katika insha. Walihitaji maneno kama fidia, usaliti, nadhiri, mkaza mwana, na waliyatafuta wenyewe kwa sababu walikuwa na jambo la kusema. Lakini hakuna hata mara moja ambapo Kiswahili kiliwapelekea hekaya kama ile. Kisomali kiliwapelekea. Kiswahili kiliwapelekea karatasi ya mtihani.

Na si kwamba hatuna mafundi. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi mtu akasahau kwamba waigizaji walikuwa Wachina au Wahindi. Kenya ina DJ Afro, anayejaza vibanda vya video mijini kwa mizaha yake na Kiswahili chake cha mtaani. Runinga ya taifa ya Tanzania ilionyesha mwaka wa 2011 tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipokea kama ya kwao. Tatizo ni kwamba wasomi wetu tunawatazama wasimulizi hawa kama wachekeshaji. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, ndiye aliyemfanya Lufufu kuwa mada ya kitabuni. Sisi tulikuwa tukijadili viambishi.

Ningependa kumsikia msimulizi wa Kiswahili akiishughulikia Nagina. Si kwa mizaha tu, ingawa mizaha ina mahali pake hasa yule Thakur anapojitokeza. Ningetaka kusikia anafanya nini na godob, atasema kinyongo, kisasi, au damu. Atamwita Rajni nani mbele ya mama mkwe: nyoka, jini, au mwanangu? Katika onyesho la zumari atanyamaza, au atasema juu ya macho yale? Vijana wa Tarbaj wangeweza kumsaidia. Wao wamekwisha kuifanyia filamu hii kazi ngumu, na bado wanabishana kama Rajni aliposamehe alikuwa na haki ya kusamehe kwa niaba ya marehemu.